Ukale na Usasa katika Gurudwara za Wasikhi

Katika mji wa Tarn Taran, ulio kusini ya Amritsar katika jimbo la Punjab nchini India, lipo lango la kale liitwalo Darshani Deori. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zama za utawala wa Wasikhi, na ujenzi wake hunasibishwa na Nau Nihal Singh, mjukuu wa Maharaja Ranjit Singh. Vizazi kwa vizazi waumini walipita chini yake kwenda kuabudu. Usiku wa tarehe 30 Machi 2019 watu walipanda juu yake na nyundo, wakaanza kulivunja. Waumini walipopata habari walikuja mbio, wakawazuia, na kazi ikakoma. Lakini sehemu ya juu ya lango ilikuwa imekwisha kuanguka.

Wavunjaji hawakuwa maadui wa dini, wala hawakutumwa na serikali au na tajiri aliyetaka kiwanja. Walikuwa watu wa kar-seva, yaani kazi ya mikono ifanywayo bure kwa kutaka thawabu, ambayo ni mojawapo ya desturi zinazoheshimiwa mno na Wasikhi. Nia yao ilikuwa kujenga lango jipya lililo imara na zuri zaidi. Kamati kuu inayosimamia gurudwara za Punjab, iitwayo Shiromani Gurdwara Parbandhak Committee, ilikuwa imeridhia mpango huo mwaka 2018, kisha ikausimamisha baada ya kulalamikiwa. Basi mkono ulioinua nyundo usiku ule ulikuwa mkono wa desturi yenyewe. Anayezoea kufikiri kwamba ukale na usasa ni majeshi mawili yanayopigana, kila moja upande wake, hawezi kulieleza tukio la Tarn Taran. Hapana budi aanze mbali zaidi.

Neno gurudwara maana yake ni mlango wa guru, yaani mlango wa mwalimu. Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 na kufariki mwaka 1539, hakuwaachia wafuasi wake sanamu wala madhabahu. Aliwaachia nyimbo za kumsifu Mungu mmoja na desturi ya kuketi na kula pamoja. Warithi wake 9 waliyaendeleza yote mawili. Guru Arjan, wa tano katika silsila hiyo, alikusanya nyimbo katika kitabu kilichowekwa ndani ya Harmandir Sahib, Amritsar, mwaka 1604. Mwaka 1708, Guru Gobind Singh alipokaribia kufa, aliusia kwamba baada yake hapatakuwa na guru mwingine ila Kitabu, na ndiyo sababu huitwa Guru Granth Sahib na kutendewa kama mfalme aliye hai: huwekwa juu ya kiti cha enzi, hupepewa kwa usinga, na usiku hulazwa katika chumba chake.

Tangu hapo chumba chochote kinachowekwa Kitabu kwa heshima ipasayo, na watu wakakusanyika mbele yake, ni gurudwara, kiwe cha marumaru au cha mabati. Utakatifu hukaa katika Kitabu na katika mkutano wa waumini. Kuta ni kama nguo. Zikichakaa hubadilishwa, na mwenye kuzibadilisha hujiona amemvika mfalme kanzu mpya. Imani ya namna hii ni nyepesi kubeba, nayo ilivuka bahari bila taabu hadi Mombasa, Singapore na Vancouver. Lakini nguo kuukuu haililiwi, na hapo ndipo penye hatari.

Harmandir Sahib yenyewe ni shahidi. Jengo lililowekwa Kitabu mwaka 1604 halipo. Mwaka 1762 Ahmad Shah, mfalme wa Waafghani, alililipua kwa baruti na kulifukia ziwa lake. Wasikhi walianza kulijenga upya mwaka 1764, na katika nusu ya kwanza ya karne iliyofuata Ranjit Singh akalivika marumaru chini na mabamba ya shaba yaliyopakwa dhahabu juu, hata wageni wakaliita Hekalu la Dhahabu. Basi sura ambayo leo huhesabiwa kuwa ndiyo ya asili, ikachapwa katika kalenda na kutundikwa ukutani nyumbani kwa Wasikhi kote duniani, ni sura aliyoipa mfalme mmoja miaka zaidi ya 200 baada ya mwanzilishi. Guru Arjan angeifahamu milango yake 4, iliyofunguliwa pande zote ili asikatazwe mtu wa tabaka lolote. Dhahabu pengine ingemshangaza.

Kando ya ziwa zamani palisongamana majumba yaitwayo bunga, yaliyojengwa na machifu wa Kisikhi wa karne ya 18 kwa ajili ya mahujaji, wanafunzi na askari wao. Yalikuwa makumi. Katika miaka ya 1940 mengi yalibomolewa ili njia ya kulizunguka ziwa ipanuliwe. Sababu haikuwa ya kubezwa, kwa kuwa umati ulikuwa umekuwa mkubwa na njia ilikuwa nyembamba. Bunga la Ramgarhia limesalia, na minara yake miwili huonekana kutoka mbali. Katika miaka hiyo hiyo ulivunjwa na mnara wa saa wa matofali mekundu ambao Waingereza waliusimamisha penye ukingo wa ziwa katika karne ya 19, wenye umbo la mnara wa kanisa. Mnara huo haukupata wa kuusikitikia. Nyundo iliyoondoa alama ya mtawala mgeni iliondoa pia vyumba ambavyo elimu ya Kisikhi ilisomeshwa kwa zaidi ya karne moja, na katika vumbi la siku zile haikuwa rahisi kutofautisha hasara na faida.

Yako mabadiliko mengine yasiyogusa mawe ambayo yalikuwa makubwa zaidi. Mpaka mwanzo wa karne ya 20 gurudwara nyingi zilikuwa mikononi mwa mahanti, walinzi waliorithi kazi hiyo baba kwa mwana, na baadhi yao walizitumia kama mali yao. Mwaka 1905 sanamu za miungu ya Kihindu ziliondolewa katika eneo la Harmandir Sahib. Zilikuwa zimezoeleka hapo, na waliozitetea walidai kwamba ndiyo desturi. Kamati kuu iliundwa Novemba 1920. Miezi 3 baadaye, tarehe 20 Februari 1921, Wasikhi waliokwenda Nankana, mahali alipozaliwa Guru Nanak, wakitaka gurudwara ile itolewe katika mikono ya mahanti wake, waliuawa kwa wingi na watu wake. Sheria ya Gurudwara ya mwaka 1925 ndiyo iliyozitia chini ya kamati ya kuchaguliwa kwa kura, na mwongozo wa ibada unaofuatwa leo uliidhinishwa na kamati hiyo mwaka 1945. Yafaa kuyakumbuka haya kila mtu anaposema "desturi yetu ya tangu zamani". Sehemu kubwa ya mwenendo wa gurudwara wa leo ulithibitishwa kwa vyombo vya kisasa kabisa, yaani gazeti, shule, kura na mahakama, na watu waliosadiki kwamba wanarudisha mambo yalivyokuwa.

Chombo kingine cha kisasa kiliingia kimya kimya, nacho ni kinanda. Nyimbo za Guru Granth Sahib zimepangwa kwa raga 31, na rafiki wa Guru Nanak, Mwislamu aliyeitwa Mardana, alikuwa akimpigia rababu. Waimbaji Waislamu waliojiita warithi wa Mardana waliendelea kuimba Harmandir Sahib kwa karne nyingi, mpaka kugawanywa kwa Bara Hindi mwaka 1947 kulipowasukuma wengi wao Pakistani. Wakati huo hamoniamu, chombo kilichobuniwa Ufaransa katika miaka ya 1840 na kufanyiwa umbo jepesi la Kihindi huko Calcutta, kilikuwa kimekwisha kushika nafasi. Wapenzi wa taarabu ya Mombasa wanakijua vyema. Ni rahisi kujifunza, hakipotezi sauti kwa joto wala unyevu, na mtu mmoja aweza kuimba huku akikipiga. Dosari yake ni kwamba sauti zake zimefungwa kila moja mahali pake; haziwezi kuteleza kati ya noti na noti kama raga zitakavyo. Kwa sababu ya dosari hiyo radio ya India ilikipiga marufuku tangu 1940, ikalegeza amri hiyo mwaka 1971.

Mwezi wa Mei 2022 mkuu wa Akal Takht, kiti cha juu cha hukumu za kidini kilicho mkabala wa Harmandir Sahib, aliitaka kamati kuu ikiondoe chombo hicho hatua kwa hatua katika muda wa miaka 3 na kurudisha vyombo vya nyuzi. Hoja yake ilikuwa kwamba kililetwa na ukoloni. Waliopinga walijibu kwamba mama zao walilia machozi ya ibada kwa sauti ya hamoniamu, na kwamba karne nzima ya ibada haifutiki kwa waraka. Pande zote mbili zilitetea ukale, mmoja ukale wa Mardana na mwingine ukale wa bibi. Kwa hakika upande wa kwanza una haki katika elimu ya muziki, lakini wapigaji wa vyombo vya nyuzi hawapatikani kwa amri. Hulelewa kwa miaka mingi, na mafundi waliobeba ujuzi huo wengi walibaki upande wa pili wa mpaka wa mwaka 1947.

Mgogoro uliokuwa mkali kuliko yote haukuhusu muziki wala marumaru. Ulihusu viti. Jiko la gurudwara, liitwalo langari, humlisha kila ajaye bila kuuliza dini yake wala tabaka lake, na wote huketi sakafuni katika safu moja. Mapokeo husema kwamba hata Akbar, mfalme wa Wamughali, alipomtembelea Guru Amar Das aliketi safuni kwanza kabla ya kuonana naye. Mtu aliyelelewa pwani, aliyeona sinia la wali likizungukwa na mwenyeji na mgeni, tajiri na mchukuzi, juu ya mkeka mmoja, hahitaji kufasiriwa sana maana ya jambo hili. Katika nchi ambamo tabaka lilimkataza mtu kugusa chakula cha mwenzake, kuketi safuni kulikuwa tangazo.

Wasikhi walianza kufika magharibi ya Kanada mwanzoni mwa karne ya 20, wakafanya kazi katika viwanda vya kupasua mbao. Gurudwara yao ya kwanza ya Vancouver ilifunguliwa mwaka 1908, na ile ya Abbotsford, iliyojengwa kwa mbao za kiwanda walichofanyia kazi, imo leo katika orodha ya mahali pa kihistoria pa taifa hilo. Ugeni uliwataka mengi. Wengi walinyoa ndevu na kuacha kilemba ili wapate kazi, na katika ukumbi wa chakula meza na viti vikaingia. Mwaka 1952 jumuiya ya Vancouver iligawanyika kwa sababu ya kuruhusu mtu aliyenyoa kuingia katika kamati. Hata hivyo viti havikuondoka. Sakafu ni baridi, suruali nene hazikunjiki, na wazee wana magoti.

Kisha wakaja wahamiaji wapya, hasa baada ya mwaka 1984. Mwezi wa Juni wa mwaka huo jeshi la India lilishambulia eneo la Harmandir Sahib ili kuwatoa wapiganaji waliojificha humo. Akal Takht ikabomolewa kwa mizinga, na maktaba yenye maandiko ya kale ikapotea. Serikali iliijenga upya kwa haraka. Wasikhi wengi walikataa kuitambua kazi hiyo, na mwaka 1986 waliivunja wenyewe, wakaanza kuijenga tena kwa kar-seva. Hapana ushahidi mkubwa kuliko huu wa namna wanavyopima jengo. Akal Takht ya serikali haikuwa na kosa la ramani. Kosa lake lilikuwa mikono iliyoijenga.

Waliohamia Kanada na kumbukumbu hiyo walipoziona meza katika langari, waliona jambo ambalo wenyeji wa huko walikuwa wameacha kuliona miaka mingi. Mwezi wa Januari 1997 ugomvi juu ya meza na viti katika gurudwara moja ya Surrey, karibu na Vancouver, uligeuka mapigano; watu walijeruhiwa na polisi wakaingilia. Aprili 1998 Akal Takht ilitoa amri kwamba viti na meza viondolewe katika kumbi za langari, na mwezi wa Julai viongozi 6 wa Kanada waliokataa walitengwa na jumuiya. Miongoni mwao alikuwa Tara Singh Hayer, mhariri wa gazeti, aliyekuwa akiketi kiti cha magurudumu tangu alipopigwa risasi mwaka 1988. Novemba 1998 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Wengi wanahusisha kuuawa kwake na ushahidi wake juu ya ndege ya Air India iliyolipuliwa mwaka 1985, wala si haki kuyapachika yote juu ya meza. Lakini hali ya chuki ilikuwa moja.

Watetezi wa viti walisema kwamba usawa haukuvunjwa, maadamu wote huketi viti vya namna moja. Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wao walivyokubali. Safu ya sakafuni iliwekwa ili mtu asikae juu ya mwenzake, na watu 100 walioketi viti 100 vilivyo sawa hawakupanda juu ya yeyote. Lakini nao watetezi walisahau kwamba maana ya tendo haibebwi na hesabu peke yake. Mwenye kiti huketi kama alivyoketi ofisini na nyumbani. Mwenye kuketi sakafuni ameshuka, na kushuka huko kwa hiari ndiko alikofundishwa. Suluhisho lililozoeleka katika gurudwara nyingi ni la kawaida kabisa: wengi huketi chini, na pembeni pana benchi au viti vichache vya wazee na wagonjwa. Wanasheria wa pande zote mbili hawakulihitaji.

Mambo mengine hupita bila vita. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwapo waliopinga taa za umeme Harmandir Sahib. Leo ubishi huo hukumbukwa kwa tabasamu. Jikoni mwake, ambamo makumi ya maelfu hula kila siku, mashine hutengeneza chapati pamoja na mikono ya waliojitolea. Mashine haikuondoa mikono, kwa kuwa bado yapo masahani ya kuosha na dengu za kukoroga, na kila ajaye na thawabu yake hupata kazi. Nyimbo za Harmandir Sahib zimerushwa kwa televisheni tangu mwaka 1998, na mwaka 2023, serikali ya Punjab ilipotaka kuamua kwa sheria nani azirushe, kamati kuu ilikataa na kufungua njia yake yenyewe katika mtandao wa YouTube. Hapo tena swali halikuwa chombo. Lilikuwa ni mkono wa nani umekishika.

Katika Afrika Mashariki, ambako wengi huwaita Wasikhi Makalasinga, gurudwara zilifuata reli. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, uliwaleta mafundi wa Punjab kwa maelfu, na Wasikhi wengi miongoni mwao walikuwa maseremala, waashi na wahunzi wa jamaa ya Ramgarhia. Watu hawa hawakuhitaji kuajiri mjenzi. Walijenga kwa mbao na mabati waliyoyajua kwa kazi yao, na gurudwara ya Makindu, ya mwaka 1926, ilitoka mikononi mwa watu wa reli. Hawakuwa na ukale wa kuta; ukale wao ulikuwa katika ratiba ya siku, katika Kitabu na sufuria. Walakini nao walikuja na mzigo wao: Nairobi, katika dini iliyokataa matabaka, zilisimama gurudwara zilizojulikana kwa jina la jamaa ya mafundi mbali na nyingine. Hilo ni ukale pia, na wachache hulitaja linapozungumzwa suala la kuhifadhi desturi.

Kutoka katika jamii hii ya mafundi ilipatikana kazi moja isiyotarajiwa. Puran Singh, aliyeishi na kufanya kazi Kericho katika nchi ya majani ya chai, alihamia Uingereza na huko Birmingham wafuasi wake wakawa chama kiitwacho Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Mwaka 1995, mabamba ya dhahabu ya Ranjit Singh yalipokuwa yamefifia, kamati kuu ya Amritsar iliwakabidhi watu hawa kazi ya kuyafanya upya, chini ya Mohinder Singh, mhandisi aliyezaliwa Uganda na kulelewa Kenya. Kiwanda kingeweza kupaka dhahabu kwa umeme katika muda mfupi. Wao waliwatafuta mafundi wanaojua njia ya kale, ya kuambatisha karatasi za dhahabu juu ya shaba kwa zebaki, tabaka juu ya tabaka, na waliojitolea wakawa wanasafiri kutoka Uingereza kuja kuwasaidia. Kazi ilikwisha mwaka 1999. Ilikuwa kar-seva kama ile ya Tarn Taran, yenye ari ile ile na thawabu ile ile. Tofauti ni kwamba kabla ya kuinua nyundo waliuliza kwanza aliyetangulia alifanyaje.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake wa jambo hili. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini waliojenga waliyahifadhi maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, katika ukuta wa kibla. Hawakuwa wanahistoria. Walikuwa waashi waliojua jiwe lipi halibadilishwi.

Gurudwara ya Makindu nayo imebadilika sana tangu mabati ya kwanza. Imepanuliwa, imejengewa vyumba vya wageni, na bustani yake ni kubwa. Treni ya zamani ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa, iliyoizaa, iliacha kwenda mwaka 2017. Magari ya barabara kuu bado hukunja kuingia, na msafiri, awe Mkamba, Msomali au Mhindi, huvua viatu, hufunika kichwa, kisha hupewa chai, dengu na chapati bila kuulizwa jina.